Tazama Dari Kabla ya Nguzo: Rai ya Daktari wa Mifupa

Nguzo ya chuma ya kudansia, ile inayosimama wima kutoka sakafuni hadi darini, imeanza kuingia katika nyumba za mijini kwetu. Huagizwa kwa simu, hufika ikiwa ndani ya boksi refu, na aghalabu husimamishwa na mtu mmoja, mlango ukiwa umekomewa, bila fundi kuitwa wala jirani kujua. Mimi ni daktari wa mifupa, si mwalimu wa dansi wala mhandisi wa majengo, na rai yangu katika makala haya ni moja: hatari kubwa ya kifaa hiki haiko katika dansi. Iko katika dari ambayo haikujengwa kwa ajili yake, na katika aibu inayomzuia mwenye nguzo kumwita mtu wa kuikagua dari hiyo.

Nafahamu kwamba baadhi ya wasomaji wamekwisha kukunja uso. Kwa wengi wetu nguzo hii hukumbusha kumbi za starehe za usiku, na sitabishana na kumbukumbu hiyo. Hata hivyo, kupanda nguzo kuna nasaba nyingine. Huko India uko mchezo wa kale uitwao mallakhamb, ambamo mwanamichezo hupanda mlingoti wa mbao na kujipinda juu yake kwa nguvu za mapaja, tumbo na mikono. Mwaka 2013 jimbo la Madhya Pradesh liliutangaza kuwa mchezo wake rasmi. Wanasarakasi wa Uchina nao wana nguzo zao tangu zamani. Michezo ya nguzo ya leo ina shirikisho la kimataifa lililoanzishwa mwaka 2009, na Oktoba 2017 ilipewa hadhi ya mwangalizi katika muungano wa mashirikisho ya michezo ulimwenguni. Zingatia jambo moja kuhusu mlingoti wa mallakhamb, kwa maana tutalirudia: huchimbiwa ardhini. Haukuegemezwa kwenye paa la mtu.

Kitabibu, zoezi lenyewe ni zuri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na zaidi ya hayo aimarishe misuli angalau siku 2. Hilo la pili ndilo tunalolipuuza. Tunakimbia alfajiri, tunatembea jioni, lakini ni wachache wanaojivuta juu kwa mikono yao wenyewe. Mama wa Sinza au Mbagala asiyetaka kukimbia barabarani akipigiwa miluzi, wala hana ada ya ukumbi wa mazoezi kila mwezi, akiamua kujizoeza chumbani kwake kwa faragha, sioni sababu ya kumcheka. Naona sababu ya kumwuliza kuhusu paa lake.

Nguzo za kununua ni za namna tatu. Ya kwanza hushikilia kwa msukumo tu: ina nyuzi za skrubu ndani yake, na unapoizungusha hurefuka mpaka ikabana kati ya sakafu na dari, kama jeki inavyobana chini ya gari. Ya pili hufungwa kwa boliti juu na chini. Ya tatu husimama juu ya jukwaa lake zito na haigusi dari kabisa. Inayopendwa ni ile ya kwanza, kwa sababu tangazo husema kwamba haihitaji kutoboa popote. Maneno hayo ni ya kweli, ila yaliandikwa kwa ajili ya nyumba nyingine, ambayo juu ya dari yake kuna boriti nene zilizopangwa kwa karibu na sakafu ya watu wanaoishi ghorofa ya pili.

Sasa tazama juu ulipoketi. Nyumba zetu nyingi zisizo za ghorofa zina kuta za matofali ya saruji, lenta, kenchi za mbao na bati. Chini ya kenchi hupigiliwa mbao nyembamba za inchi 2 kwa 2, na chini ya mbao hizo hufungwa jipsamu ambayo unene wake ni milimita 9 au 12. Dari hiyo ni pambo na kinga ya joto. Haikukusudiwa kubeba chochote zaidi ya uzito wake na taa kadhaa. Jeki ikiisukuma kutoka chini, mojawapo ya mambo mawili hutokea. Ikiwa kitako cha juu kimekaa mahali patupu, jipsamu huvunjika na nguzo huingia darini. Ikiwa kimeikuta mbao, huanza kuisukuma mbao hiyo juu, misumari ikilegea kidogo kidogo. Mbao ya chini ya kenchi kazi yake ni kuvutwa, ili miguu ya paa isitanuke ikasukuma kuta. Haikuwekwa pale isukumwe katikati kwenda mbinguni, na bati lililo juu yake ni jepesi mno kuweza kuirudisha chini.

Lililo baya zaidi ni kwamba nguzo itasimama. Ukiisukuma kwa mkono haitatikisika, nawe utaamini kwamba kazi imekwisha. Ila mtu anayedansi haisukumi nguzo kwa mkono. Chukua mtu wa kilo 70 anayeizunguka, kitovu cha uzito wake kikiwa nusu mita kutoka kwenye chuma, kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea upesi sana. Kani inayoivuta nguzo kwa ubavu ni takribani niutoni 560, yaani kama vile mtu wa kilo 57 ameshikwa akaning'inizwa kwayo kwa upande, na upande huo hubadilika kila anapozunguka. Akiwa katikati ya kimo cha nguzo, nusu ya kani hiyo huenda sakafuni na nusu darini. Akipanda juu zaidi, fungu la dari huongezeka. Akiongeza mwendo mara 2, kani huongezeka mara 4. Hayo ndiyo yanayoingia katika ubao wa jipsamu unaoweza kutobolewa kwa bisibisi.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenye nyumba ya bati na jipsamu ni fupi: usisimamishe nguzo ya msukumo. Wapo wanaoshauri kuweka kipande cha ubao mpana kati ya kitako na jipsamu ili mzigo utawanyike. Ubao huo hupanua tundu tu. Nguzo ya jukwaa inafaa zaidi, mradi sakafu iwe sawa na mazoezi yawe ya utulivu, kwa maana nayo hupinduka ikitupwa kwa nguvu. Na kwa anayejenga sasa, au anayebadilisha dari, lipo la kufanya: amwombe mhandisi apime boriti itakayolala juu ya kuta mbili imara, nguzo ifungwe kwenye boriti hiyo kwa boliti kabla jipsamu haijafunika. Ni gharama, naam. Upasuaji wa pingili za shingo nao ni gharama.

Wanaoishi katika ghorofa wana nafuu kwa kuwa juu yao kuna zege, lakini wasifanye haraka kushangilia. Katika majengo mengi zege limefichwa nyuma ya jipsamu iliyoning'inizwa kwa waya au mabati mepesi. Ukigonga na kusikia sauti ya debe, bado hujalifikia. Mengine yana zege lililomiminwa juu ya matofali matupu ili kupunguza uzito, na chini ya tofali tupu nguzo haina pa kushika. Yapo pia majengo ambayo ndani ya zege lake kuna nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa mno; kutoboa zege la namna hiyo bila mhandisi kuonyesha mahali ni kucheza na jengo zima. Ongeza nyaya za umeme zinazopita katika zege kuelekea kwenye taa na feni. Na mpangaji hana budi kupata kibali cha mwenye nyumba, jambo ambalo kwa wengi ndilo kikwazo hasa, maana kumweleza mwenye nyumba ni kumweleza mtu.

Ukikuta zege gumu, yaliyobaki ni kazi ya fundi mwangalifu na saa moja ya muda wako. Pima kimo cha chumba mahali pale pale nguzo itakaposimama, si pembeni. Nguzo nyingi za kununua hutengenezwa kwa dari za mita 2.2 hadi 2.7 hivi, ilhali vyumba vyetu vingi hufika mita 3. Pengo hilo huzibwa kwa kiungio cha mtengenezaji yule yule, chenye kipenyo kile kile. Halizibwi kwa tofali, kwa kitabu kinene, wala kwa kipande cha mbao kilichobaki ujenzini. Gonga vigae kwa sarafu. Kigae kinacholia kitupu hakina saruji chini yake, nacho kitapasuka. Usiweke nguzo juu ya zulia wala mkeka. Isimame wima kwa kipimo cha pima maji kilichowekwa pande mbili, kisha uchore mstari wa penseli kuzunguka kitako cha juu. Mstari huo mdogo ni mlinzi mzuri kuliko macho: kila siku kabla ya kuanza utautazama, na ukiona chuma kimeuhama, hakuna dansi siku hiyo. Baada ya hapo jaribu nguzo miguu yako ikiwa chini, ukiivuta kwa uzito wako pande zote nne, na uipime tena.

Nafasi nayo husahaulika. Mtu aliyenyoosha miguu huchora duara kubwa kuliko anavyodhani, basi acha mita 1.5 tupu kila upande, na zaidi kwa mtu mrefu. Katika vyumba vyetu, duara hilo hukutana na kona ya kitanda, kioo cha kabati la vyombo au panga za feni. Feni ya dari na nguzo havikai chumba kimoja, hata kama feni imezimwa, maana mguu unaoigonga feni iliyozimwa bado huigonga.

Kuna wanaoona bei ya nguzo ya dukani ni kubwa wakaenda kwa fundi wa kuchomelea. Siwalaumu, mafundi wetu hutengeneza vitanda vya hospitali. Shida ni kipimo. Bomba la maji liitwalo la inchi 2 lina unene wa nje wa milimita 60 hivi, wakati nguzo za mashindano ni za milimita 45. Kiganja cha mwanamke wa kimo cha kawaida hakilizunguki bomba hilo, na mkono usiozunguka hauna mshiko bali una msuguano tu, nao huisha jasho linapotoka. Bomba lililounganishwa katikati kwa kuchomelea lina pia mahali pake pa kuvunjikia, tena palipo kwenye kimo cha kichwa.

Na jasho hapa pwani si jambo dogo. Mshiko wa nguzo hutegemea ngozi tupu iliyo kavu. Mtu aliyejipaka mafuta ya nazi asubuhi, kama tulivyolelewa wengi, huteleza jioni hata kama ameoga. Siku ya nguzo usipake mafuta miguuni wala mikononi, ifute nguzo kwa spiriti, na uvue pete zote: pete iliyonaswa wakati mwili unaanguka inaweza kuichuna ngozi ya kidole kama soksi. Ikiwa nguzo yako ina hali mbili, ya kuzunguka na ya kutulia, ifunge katika hali ya kutulia unapomaliza. Watoto wataipanda. Usijidanganye kwamba hawataipanda.

Godoro chini ya nguzo linapunguza michubuko. Halilindi shingo, na lile laini la kulalia hukunja kifundo cha mguu kwa yule anayetua wima. Linalolinda shingo ni kutokugeuka kichwa chini mpaka mwalimu amekufundisha kushuka, na kutokufanya hivyo peke yako nyumbani. Hapa ndipo aibu inapoingia, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Wagonjwa wanaoanguka kutoka kwenye nguzo hawasemi hivyo. Husema wameteleza bafuni. Mmoja aliniambia ameanguka kutoka kwenye ngazi ya kupigia rangi, katika nyumba ambayo, kwa maelezo ya dada yake aliyesimama kando, haijapakwa rangi kwa miaka kadhaa. Pengine msomaji atasema uongo huo haumdhuru mtu. Humdhuru yeye. Sisi hutibu kwa kuanzia namna ya kuanguka. Kanuni ya Kanada ya kuchunguza shingo, iliyochapishwa mwaka 2001 na inayotumika katika vyumba vingi vya dharura, inahesabu kuanguka kutoka kimo cha futi 3 au zaidi, na mzigo kuiangukia shingo kupitia utosini, kuwa sababu tosha ya kupiga picha hata kama mgonjwa anaongea vizuri. Aliyeanguka kichwa chini kutoka kwenye nguzo anayo yote mawili. Aliyeteleza bafuni huenda hana hata moja, naye ataandikiwa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani na pingili iliyopasuka, akisubiri matuta ya barabarani yamalize kazi.

Jambo hilo hilo hutokea kwenye kifundo cha mkono, kwa udogo zaidi. Mtu anayeanguka hutanguliza kiganja, na kifupa kidogo cha skafoidi, upande wa kidole gumba, huweza kuvunjika bila kuonekana kwenye eksirei ya siku ya kwanza. Damu huingia katika kifupa hicho kwa njia finyu, kwa hiyo kisipotulizwa mapema sehemu yake inaweza kufa, na mkono ukabaki na maumivu ya miaka. Dalili ni maumivu unapobonyeza kale kabonde kaliko chini ya kidole gumba. Mwenye dalili hiyo afungwe mkono hata kama picha ni safi, na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Asipelekwe kwanza kukandwa.

Na ikiwa mtu ameanguka mbele yako, akalalamika shingo au mgongo, akasema mikono au miguu imekufa ganzi, imekosa nguvu, au mkojo umetoka bila yeye kujua, usimwinue akae. Usimnyweshe maji. Mtu mmoja apige magoti kichwani pake akishikilia kichwa kisigeuke, mwingine atafute gari la wagonjwa. Likikosekana kabisa, kama inavyotokea, mviringisheni kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda kama kipande kimoja, mkamlaze juu ya kitu kipana kigumu, hata mlango uliong'olewa bawaba, na mtafute gari ambamo anaweza kulala. Bajaji siyo gari hilo.

Kwa wenzangu wa vituo vya afya nina ombi. Mgonjwa kijana mwenye maumivu ya shingo na michubuko iliyopangika ndani ya mapaja na nyuma ya magoti hakuteleza bafuni, na michubuko hiyo si lazima iwe ya kipigo pia, ingawa swali la kipigo lazima liulizwe, na liulizwe faraghani. Muulize yaliyo wazi: ulikuwa kwenye kimo gani, nini kilitangulia kufika chini, ni nini kilichoachia, mkono au nguzo? Uliza bila tabasamu. Andika jibu katika faili kwa maneno ya kawaida, na usilitangaze kwa ndugu waliosimama koridoni. Waliokulia pwani wanajua kwamba ngoma za ndani za wanawake zilikuwa na makungwi wa kuwafundisha wari, na hakuna aliyeona soni kumwuliza kungwi. Tofauti ni kwamba ngoma hizo huchezwa miguu ikiwa chini.

Wauzaji nao wana lao. Vijitabu vya maelekezo nilivyopata kuvisoma vinaeleza kwa Kiingereza jinsi ya kutafuta boriti nyuma ya dari, kana kwamba kila nyumba duniani imejengwa kwa ramani moja. Anayeingiza bidhaa hii nchini anapaswa kuambatanisha ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja bati, kenchi na jipsamu kwa majina yake, na Shirika la Viwango Tanzania lingeweza kulidai hilo. Kama ukurasa ni mwingi, basi mchoro mmoja wa dari ya jipsamu uliokatwa kwa mstari mwekundu, ubandikwe juu ya boksi mahali ambapo mnunuzi atauona kabla hajafungua.